Matembele ya Mapambo

Mimi napenda kanuni. Nimekulia Muheza, katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa na neno na hakuna aliyekuwa na utaratibu, kuku waliingia sebuleni kabla ya wageni, na redio ya jirani ndiyo iliyoamua tulale saa ngapi. Kwa hiyo tulipohamia mtaa wetu wa sasa, huku Dubai, nyuma ya Al Warqa, nyumba za ghorofa moja zilizoshikana ukuta kwa ukuta na zote zimepakwa rangi ya mchanga, tukapewa kitabu cha kanuni pamoja na funguo. Mume wangu alikiweka juu ya friji. Mimi nilikishusha nikakisoma chote, na nikakiri moyoni kwamba nimefika.

Milango ya mbele isibadilishwe rangi. Nguo zisianikwe mahali zinapoonekana kutoka barabarani. Gari lisioshwe nje. Pipa la taka lirudishwe ndani asubuhi ile ile linapomwagwa. Kuku, bata na mbuzi marufuku, kana kwamba waliniona nikija. Kijibustani cha mbele kipandwe mimea iliyo kwenye orodha tu. Ukurasa wa mwisho ulitoa sababu ya yote hayo: kulinda haiba ya mtaa. Nililipenda sana neno hilo. Mtaa wetu wa Muheza ulikuwa na vituko vingi, lakini haiba sikumbuki kuiona.

Mwaka wa pili nikapata mimba ya kwanza. Chakula kikawa hakipiti. Nilikuwa naogopa kuzaa, kuogopa kwa kweli, kule kwa kuamka asubuhi na kukuta hofu imeshaamka kabla yako, na sikumwambia mtu. Nilichomwambia mume wangu ni kwamba namtaka mama. Yeye hana tatizo na mama, ila tu anamwogopa kama mkwe anavyopaswa, basi akashughulikia viza, na majira ya baridi yalipoanza mama akatua na begi lililojaa ubani, mafuta ya nazi na kanga za kumbebea mtoto. Tulikubaliana atakaa mpaka nimalize arobaini.

Siku ya pili alifua, akaanika kanga zake kwenye baraza ya juu. Kabla hazijakauka, ofisi ya usimamizi ikaniletea ujumbe kwenye simu, na picha juu yake. Nilimwonyesha.

"Wamepiga picha kanga yangu?"

"Ndiyo, mama. Hairuhusiwi kuanika pale."

Aliitazama picha kwa makini, akairudisha simu. "Imetoka vizuri," akasema, na kwenda kuzianua.

Hilo alilichukulia kama mchezo. Kilichomshinda ni ukimya. Asubuhi alivuta kiti dirishani akakaa kutazama barabara, gari moja likipita, kisha hakuna, kisha lingine. Aliniuliza watu wa mtaa huu wamekwenda wapi. Nikamwambia wapo ndani. "Wote wanaumwa?" akauliza. Madirisha yalikuwa hayafunguki vizuri kwa sababu ya kiyoyozi, jikoni kulikuwa na jiko la umeme asiloliamini, na mimi nilishinda kazini Bur Dubai, kwenye mapokezi ya kliniki ya meno. Kabla wiki mbili hazijaisha, tukiwa tunakunywa chai, akatamka kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu, mimi nitatangulia kurudi. Utazaa hospitali, madaktari wapo, mumeo yupo. Hapa nakaa kama mgeni wa kuangaliwa."

Nilimjibu kwamba hakuna neno, kama anavyoona yeye. Kisha nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie, nikalia. Mume wangu, ambaye hajawahi kumkatalia mkwe wake kitu, aliombwa tiketi naye akakata, ya Jumapili, wiki mbili kabla ya tarehe yangu ya kujifungua. Toka hapo kila nilichofanya nilikifanya nikiwa na Jumapili ile kichwani, kwa sababu sikuweza kujifikiria nikiingia chumba cha kujifungulia bila mama.

Jumamosi iliyofuata nilimtoa kutembea. Mtaa wetu una njia ya miguu inayozunguka kidimbwi cha kutengenezwa, na kando ya njia wamepanda mimea ya kutambaa, mingine ya kijani cha ndimu, mingine ya zambarau iliyoiva. Mimi nilikuwa nimepita hapo mara nyingi mno na sikuwahi kuitazama. Mama alisimama. Akainama, akachuma jani, akalinusa, akavunja kikonyo na kuangalia utomvu.

"Haya ni matembele, majani ya viazi vitamu."

"Mama, hayo ni maua."

"Matembele haya."

"Ni ya mapambo. Wamepanda ili mtaa upendeze."

Alinyoosha mgongo, akatazama njia yote mpaka inapokata kona, matembele kushoto na matembele kulia. "Yote haya?"

"Yote."

"Na hakuna anayekula?"

"Hakuna, mama."

"Subhanallah," akasema taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Jumatatu nikiwa kazini, simu ikaanza kutikisika mezani. Lilikuwa kundi la wakazi wa mtaa. Mtu alikuwa ametuma picha kutoka kwenye kamera ya njia: mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni, fungu zima la majani limelala kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeinuliwa juu, anaipungia kamera. Chini yake aliuliza kama kuna anayemfahamu huyu bibi. Mmoja alijibu labda ni mtunza bustani mpya. Niliigeuza simu kifudifudi, na nikaomba Mungu mama yangu aendelee kudhaniwa mtunza bustani.

Getini jioni nilikuta zamu ya mlinzi mmoja kijana wa Kenya, mtu wa Bungoma, ambaye hunipa habari za mtaa kwa Kiswahili kwa kuwa wengine wote wanampa yeye amri kwa Kiingereza.

"Madam, mathe wako leo amechuma maua," alisema. "Nikamwambia kuna camera pale juu. Akaisalimia."

"Umeandika ripoti?"

"Nimeandika kuna mtu. Si lazima niandike ni nani. Huyo ni mzazi, madam, ningemfanyia nini?"

Niliingia nyumbani na hotuba nzima kichwani, kuhusu mali ya wote, kuhusu faini, kuhusu sisi kuwa wageni katika nchi ya watu. Nikakutana na harufu. Matembele ya nazi, na kitunguu, na ugali umefunikwa kwa sahani. Sikuwa nimekula chakula kikakaa tumboni kwa wiki kadhaa. Nilikaa chini na begi likiwa bado begani, na hotuba niliianza baada ya sahani ya pili.

Mama hakuisikiliza. "Umekula," alisema. "Nimekuona kwa macho yangu umekula." Alikuwa amefurahi mpaka akawa anafuta meza iliyo safi.

Mume wangu aliporudi, akaona sufuria, akauliza matembele tumeyapata wapi. Nikamweleza. Akatazama sakafu, ambako ndiko anakotazama mama akiwepo. Kisha akasema kwa adabu kwamba zile bustani za nje zinamwagiliwa kwa bomba la zambarau.

"Bomba la zambarau ndiyo nini, baba?" mama akauliza.

"Ni maji ya mifereji, mama. Yanasafishwa, halafu yanarudishwa kwa ajili ya maua."

"Mifereji ya wapi?"

"Ya vyooni, mama. Lakini yanasafishwa."

"Yanasafishwa na nani?"

Nilimpigia simu muuguzi wa kliniki ya wajawazito papo hapo. Aliuliza kama yalioshwa na kuiva sawasawa, na mimi namjua mama, mboga kwake ikitoka jikoni imeshasahau ilikotoka. Muuguzi akasema basi hakuna shida, ila tusirudie. Mama hata hivyo aliisomea dua glasi ya maji, akaninywesha, akamnywesha na mkwe wake ambaye hakuwa amekula hata jani moja. Ndipo mume wangu alipoanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumcheka mtu mbele ya mama, na mtu mwenyewe alikuwa mama. Mama akamwangalia, akashindwa kujizuia, tukacheka watatu mpaka nikashika tumbo.

"Lakini mmea hauna kosa," mama alisema baadaye, akipangusa macho. "Kosa ni la maji."

Nikashusha kitabu changu kutoka juu ya friji. Mmea ule ulikuwa kwenye orodha. Ungeweza kupandwa mbele ya nyumba yoyote, yetu ikiwemo, na kumwagiliwa kwa bomba la nyumbani. Sijui kama nimewahi kufurahia kanuni kuliko siku hiyo. Watunza bustani walipopita kupunguza mimea ya kidimbwi, mama aliwafuata na ishara za mikono, akarudi amekumbatia marando, yale mashina ya kupandia, ya kutosha shamba. Tulikwenda mtaa wa Naif kutafuta jembe, kwa sababu kile kikoleo cha maua nilichokuwa nacho alikiita kijiko, na katika duka moja la bidhaa zinazosafirishwa kwetu tukapata jembe la kweli na mpini wake. Alilishika njia nzima ya kurudi ndani ya teksi. Dereva alimtazama kwenye kioo mara kadhaa.

Niliporudi kutoka kazini siku iliyofuata, maua yaliyokuwa kwenye kijibustani chetu cha mbele yalikuwa yameng'olewa. Mahali pake palikuwa na matuta matatu, manene, sambamba, yamepigwa kwa jembe pande zote mpaka yakang'aa, yanatoka ukutani mpaka kwenye ukingo wa njia. Juu yake marando yamechomekwa kwa mstari. Mama alikuwa amesimama katikati, miguu imejaa vumbi, uso umekunjuka. Alinieleza tuta lipi litakuwa la kuanza kuchumwa. Hakulitaja suala la kurudi jioni ile, wala kesho yake, wala siku kadhaa zilizofuata. Kila asubuhi alijitanda kanga kichwani akatoka na kopo la maji kunyunyizia matuta yake, na mimi nikatoka kwenda kazini nikiwa mwepesi, mimba na yote.

Kisha ukaja ujumbe wa ofisi. Udongo wa mbele ya nyumba yetu hauendani na haiba ya mtaa. Unatakiwa kuwa tambarare kufikia Alhamisi.

"Tambarare?" mama akasema. "Matembele yapandwe chini kama majani ya kulishia ng'ombe? Mizizi itapumulia wapi?"

"Ndiyo kanuni, mama."

"Basi sawa. Nchi yao. Ila mimi sibomoi tuta nililolipiga mwenyewe. Nikishaondoka Jumapili yangu, mtabomoa nyinyi." Akasema na kuingia chumbani, na nikasikia zipu ya begi.

Mtu mwingine angeshusha mabega. Mimi nilikuwa mjamzito, nina njaa, na kanuni nilizozipenda zilikuwa zimekuja kunichukulia mama. Nilipata hasira ambayo sikujua ninayo. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya usimamizi na kitabu mkononi, kurasa zimekunjwa pembe. Aliyenipokea alikuwa binti mdogo, mpole, na kikombe cha chai ya maziwa. Nilimsomea orodha ya mimea. Nikamsomea kifungu cha vijibustani. Nikamwambia hakuna mahali popote panaposema udongo usiinuke, isipokuwa kama kuinuka kwa udongo ni mnyama, na wanyama wametajwa peke yao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, mmea hauna shida," alisema. "Kuna jirani amelalamika."

"Amelalamika nini?"

Akateremsha sauti. "Anasema yanafanana na makaburi."

Nilifungua mdomo kumjibu, na hapo hapo nikayaona. Matatu, ubavu kwa ubavu, urefu wa mtu, udongo mbichi. Juu yake vijiti vya kijani vilivyoanza kusinyaa, maana rando husinyaa kwanza kabla ya kushika. Na kila asubuhi mwanamke mzima amejitanda, anayanyunyizia maji huku midomo inacheza, kwa sababu mama yangu husoma nyiradi zake akiwa kazini. Hakukuwa na kilichopungua ila waombolezaji. Nilianza kucheka nikashindwa kusimama, nikashika meza ya watu. Binti wa ofisi alijitahidi kubaki na uso wa kazi, akashindwa, na kikombe chake kikamwagika kidogo.

Nilikwenda nyumbani mbio kumhadithia mama, nikijua atacheka kuliko mimi. Hakucheka. Aliangalia nje kupitia dirishani, kisha akaliangalia tumbo langu. Akatoka kama alivyo, bila kubadili nguo, akashika jembe na kuyabomoa yote matatu. Alifanya kazi ile bila kupumzika. Marando aliyaokota moja moja, akayaweka ndani ya ndoo ya maji.

"Mbele ya nyumba yenye mja mzito," alikuwa anasema. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Aliponawa na kutulia akataka kumjua jirani. Ofisi haitaji majina, lakini kijana wa Bungoma hajui siri ya namna hiyo. "Ni ile nyumba inawaangalia nyinyi, madam. Kuna bibi Mmisri anakaa na binti yake. Huyo bibi hatoki." Mama akapika mkate wa kumimina, akaufunika kwa kitambaa, akanivuta mkono niende kumtafsiria. Nilimweleza kwamba Kiarabu changu ni cha kliniki: fungua mdomo, suuza, khalas, tumemaliza. Akasema kitatosha.

Alifungua binti wa yule bibi, akaona aibu kutuona, na nyuma yake akatokea bibi mwenyewe, mfupi, ameshika mlango. Niliomba radhi kwa niaba yetu, kwa lugha tatu zilizochanganyika. Binti alinisaidia kwa Kiingereza, na habari ikawa hivi. Malalamiko aliyaandika yeye. Mama yake alifiwa na mume huko kwao, akaletwa Dubai asikae peke yake, na kila asubuhi alifungua pazia akakutana na makaburi matatu mapya. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa akisimama pale dirishani, analia, na kuwasomea Fatiha maiti wetu.

Nilimtafsiria mama. Safari hii alicheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kizingiti cha watu, mkate mapajani. "Mwambie nimeshukuru," alisema. "Mwambie na mimi ni mjane, hazijapotea, hizo Fatiha zifike kwa baba yenu." Niliposema kwamba chini ya udongo ule kulikuwa na viazi vitamu tu, bibi alishika kifua, akasema batata, batata, akaanza kucheka naye. Wamisri viazi vitamu wanavipenda sana, kumbe. Ila majani, alitueleza, kwao huliwa na mbuzi.

"Mwambie kwetu mbuzi tunampa maganda," mama alijibu, na kumpa bibi mkono ili amwinue pale chini.

Kesho yake bibi asiyetoka alitoka. Alisimama mbele ya nyumba yetu na buibui lake jeusi, mama akamwonyesha udongo na kumwuliza kwa mikono ni umbo gani halitamtisha. Bibi akachora duara hewani. Basi mama akapiga tuta moja la mviringo, pana, na mimi nikalizungushia kokoto nyeupe, nikapeleka picha ofisini. Kitabu kinaruhusu bustani iliyoinuliwa, mradi iwe na ukingo. Binti wa ofisi akatujibu siku ile ile kwamba imependeza.

"Kumbe tuta likivaa nguo si kosa," mama akasema.

Marando yakashika. Kila asubuhi bibi alivuka barabara na kiti chake cha kukunja, wakakaa wawili ndani ya lango letu, kwa kuwa nje ya lango viti haviruhusiwi, na kuzungumza kila mmoja lugha yake. Sijui walichokuwa wanaelewana. Nilichojua ni kwamba nikirudi jioni nilikuta mama ana habari: bibi hapendi jirani wa upande wa pili, bibi alizaa watoto saba, bibi anasema matembele yanataka kitunguu saumu na giligilani. Walibishana juu ya giligilani kwa siku nyingi. Mama alikula kwa bibi, bibi akala kwetu, na mimi nilikula kote kuwili. Nilinenepa. Nyumba ikawa na kelele. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo toka nifike nchi hii, na niligundua kwamba ilikuwa furaha ya Muheza, ile ile niliyoikimbia.

Kitu kimoja tu kilibaki. Begi la mama halikufunguliwa. Lilisimama kando ya kitanda chake, limefungwa zipu, na tiketi ya Jumapili hakuna aliyeigusa. Sikuelewa. Jirani alikuwa amempata, bustani alikuwa nayo, jiko la umeme alishaliweza. Nilikusanya ujasiri nikamwuliza tukiwa tunachambua mboga.

"Mama, bado unakwenda?"

"Tiketi si ni ya Jumapili?" alijibu, na akaendelea kuchambua bila kuniangalia.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, wanaume wakiwa wametoka msikitini, nilishikwa na uchungu jikoni. Mtoto alikuwa amewahi. Mume wangu alikuja mbio, tukaingia garini, bibi Mmisri akatusindikiza kwa dua mpaka gari likakata kona. Mama alikaa nyuma na mimi. Njia nzima alivuta tasbihi, macho dirishani.

Hospitali ile inaruhusu mtu mmoja tu kuingia na anayejifungua. Muuguzi aliuliza ni nani. Mume wangu alipiga hatua, kama inavyotarajiwa huku, na mimi nikasema, "Mama." Mama alimgeukia mkwe wake kama mtu anayeomba kuokolewa. Mkwe akatazama sakafu.

Aliingia. Walimvika gauni la kijani na kofia ya plastiki, akasimama kando ya kitanda akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

"Mama, vipi?"

"Kwetu mama mzazi haingii," alisema. "Anakaa uani na tasbihi. Shangazi ndiye anayeingia."

"Shangazi hayupo."

"Ndiyo. Hayupo." Akameza mate. "Nilikuwa naogopa, mwanangu. Toka siku ile niliyokuona uwanja wa ndege na tumbo lako. Kukutazama ukiumia, mimi siwezi. Nikawa natafuta neno la kuniondoa hapa kabla ya leo. Nikasema madirisha. Nikasema matuta. Kila neno nikilipata, wewe unalimaliza."

Nilitaka kukasirika. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimebishana na ofisi, nimepanga kokoto, nimekula giligilani nisiyoipenda, ili mama asiondoke. Lakini uchungu ulikuja kabla ya hasira, nikamkamata mkono kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na ulipopita nikamwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu.

"Na mimi naogopa, mama. Toka mwezi wa kwanza. Kila siku."

Alinitazama. "Na hukuniambia?"

"Wewe je, uliniambia?"

Alianza kucheka. Machozi yanamtoka, kofia imempanda juu ya nyusi, na anacheka, na mimi nikamfuata, mpaka uchungu mwingine ukatukatisha. Hakuniachia tena mkono. Binti yangu alizaliwa alasiri ile, na sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ilikuwa ya bibi yake, akilia na kucheka na kupiga vigelegele, vyote kwa pamoja, huku muuguzi akimwomba apunguze, kuna kanuni, wagonjwa wengine wamepumzika. Mama hakupunguza, na mimi sikumwambia apunguze.